Geti Lisilojua Bosi

Zenon alizaliwa na ugonjwa wa kunyooka. Madaktari hawaujui, lakini mkewe Valeria anaujua vizuri, maana ameishi nao miaka kumi na minne. Mtu mwenye ugonjwa huo ukimwambia "nisubiri hapa," ukaenda sokoni, ukakutana na shangazi yako, ukalala huko huko, kesho yake utamkuta pale pale, ana njaa lakini hana kinyongo.

Dalili zilianza angali kijana, kijijini kwao, wakati baba yake mzee Kasimiri alipoita watu waje kulima shamba la ulezi. Kama ilivyo desturi ya Ufipa, kilichowaita watu kilikuwa mtungi wa pombe. Uliyelima unakunywa, hukulima unameza mate. Zenon akawekwa kwenye mtungi awe mgawaji, akagawa vizuri mpaka mzee Kasimiri mwenyewe, mwenye shamba, mwenye ulezi, mwenye mtungi na mwenye mtoto, alipojitokeza na kata yake mkononi.

"Baba, umelima tuta lipi?" Zenon akauliza.

Mzee alikuwa na mgongo mbovu. Alimtazama mwanawe, akautazama mtungi, kisha akaenda kuchukua jembe. Alilima matuta mawili huku anatukana kwa Kifipa safi, akarudi, akajaziwa kata. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, halafu wakamsifu Zenon kwamba haoni uso wa mtu. Sifa hiyo ndiyo iliyomharibu.

Ndiyo pia iliyomfikisha mjini Sumbawanga. Bwana Victor, mfanyabiashara wa maharage mwenye ghala pale Malangali, alisikia kisa cha kata na mtungi akamwajiri bila hata kumuuliza amesoma mpaka wapi. Alikuwa anatafuta mlinzi wa geti, na mtu aliyemnyima baba yake pombe alionekana ametumwa na Mungu.

Ghalani walifanya kazi wanawake ishirini na wanne, Valeria akiwa mmoja wao. Walikaa sakafuni na nyungo zao, wakichambua maharage ya kwenda ng'ambo, wakitoa mawe na punje zilizooza au zenye tobo. Kanuni zao zilibandikwa ukutani karibu na geti, kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wa Victor mwenyewe. Kila anayeingia akabidhi kitambulisho cha taifa. Geti linafungwa saa moja asubuhi na halifunguliwi mpaka magunia arobaini yamejaa na kushonwa. Chooni ni mara mbili kwa siku, ufunguo kwa mlinzi. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: HAKUNA UPENDELEO, HATA KWANGU MIMI. Hilo la mwisho Victor aliliandika siku moja alipojisikia mtu wa haki sana. Kuna watu hawafai kupewa kalamu nyekundu wakiwa wamefurahi.

Vitambulisho vilikaa kwenye kopo la biskuti ndani ya kibanda cha Zenon mpaka msimu uishe, ili, kwa maneno ya Victor, visipotee. Mtu ambaye kitambulisho chake kiko kwenye kopo la mwenzake hasajili laini ya simu, hakopi popote, wala haendi kutafuta kazi kwingine. Zenon hakuwaza mbali hivyo. Mji wenyewe, wazee wanasema, jina lake linamwambia mgeni atupe uchawi wake kabla ya kuingia. Yeye aliona anaendeleza mila, tofauti ni kwamba hapa kilichoachwa mlangoni ni kitambulisho. Na cha kwake kilikuwa humo humo, chini kabisa ya kopo, mwaka wa tatu sasa.

Zenon pia hakutii amri yoyote isiyoandikwa, na kulikuwa na sababu. Mwaka juzi Mama Bertilla, mchambuaji mkongwe kuliko wote, alifiwa na dada yake. Victor akapiga simu akasema aachiwe aende. Zenon akamwachia. Jioni magunia yakapungua mawili, na Victor akamsimamisha Zenon juu ya gunia mbele ya wanawake wote. "Nani kakwambia umwachie? Una maandishi?" Zenon hakuwa na maandishi. Tangu siku hiyo, amri ya mdomo aliiona kama upepo wa Juni, unavuma tu na kupita.

Sasa tufike kwenye ile Jumapili, na hapa msomaji ana ruhusa ya kukasirika. Ilikuwa sikukuu ya Ekaristi, na Getruda, mtoto wao wa pekee, alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Gauni jeupe lilishashonwa, shela ilishapigwa pasi. Lakini lori lilikuwa linaondoka Jumatatu, kwa hiyo Victor akaita watu kazini hata Jumapili, tangu usiku wa manane, akiahidi kwamba saa tatu watakuwa wamemaliza. Misa ilikuwa saa nne. Saa nne kasoro robo yalikuwa yameshonwa magunia thelathini na moja.

Valeria alikuja getini akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. "Baba Getruda, nifungulie."

"Bado tisa, mama."

"Ni mtoto wako."

"Nampigia bosi aandike."

Akapiga. Simu ya bosi ilikuwa imezimwa, kwa kuwa bosi alikuwa kanisani, benchi la mbele. Kengele zikalia. Getruda aliandamana na Luciana, jirani yao, na ndiye aliyemshikia shela. Magunia arobaini yalitimia saa nane mchana, na Zenon akafungua geti kwa wakati, bila kuchelewa hata dakika moja, akidhani hilo litamsaidia.

Kesho yake aliporudi nyumbani alikuta mlango wa jiko umefungwa kwa kamba ya katani. Nje, juu ya kigoda, amekaa Valeria na daftari la shule.

"Jina?"

"Mama Getruda, mimi nili..."

"Jina."

"Zenon Kasimiri."

"Unakotoka?"

"Getini."

"Sababu ya kufika?"

"Kula."

"Kitambulisho."

Kitambulisho kiko kwenye kopo. Akaambiwa asubiri nje, na ugali wake ukapitishwa dirishani, pamoja na maharage yaliyochambuliwa vizuri sana. Ikawa hivyo kila jioni kwa wiki tatu. Valeria hakumwita tena Baba Getruda. Alimwita Bwana Geti, kwa adabu yote, kama mtu anayezungumza na ofisi. Kilichomchanganya Zenon ni kwamba hakuona kasoro katika utaratibu ule. Daftari lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, kuna safu ya saa ya kuingia, kuna safu ya saa ya kutoka. Aliliheshimu. Lakini usiku alilala macho, na katika dunia nzima alikuwa anataka kitu kimoja tu, aitwe tena Baba Getruda.

Ndipo ikaja habari ya ukaguzi. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameanza kuuliza maharage yao yamepita mikono ya nani, na kama mikono hiyo iko huru kwenda nyumbani. Walimtuma mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mwanamke kijana aliyeitwa Hellena.

Victor alijiandaa kama mtu anayeoa. Alinunua kofia ngumu za wajenzi akawavisha wanawake wanaochambua maharage wamekaa chini, kana kwamba maharage yangeanguka kutoka juu. Alitaka pia chumba cha mapumziko, kwa hiyo akaagiza kochi kutoka kwake, nalo likaletwa kwa mkokoteni likiwa na mama mkwe wake juu, Bibi Rhoda, aliyekataa kushuka kwa madai kwamba kochi ni lake. Getini Zenon akadai kitambulisho. Bibi akatoa kadi ya kliniki ya macho. Ikaingia kwenye kopo.

Kisha Victor akamshika Zenon bega. "Leo geti liwe wazi kutwa. Hilo kopo ficha. Ufunguo wa choo uache mlangoni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi. Maandishi?"

Victor akacheka, akidhani ni utani, akaenda kumpokea mgeni. Kwa kawaida aliingia na gari kwa mlango wa nyuma, ambao ufunguo wake ulikaa garini. Siku hiyo, kwa kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa watu, aliliacha gari nje akapita geti la wafanyakazi akiwa ameongozana na Hellena.

"Shikamoo mzee," Hellena akasalimia.

"Marahaba. Kitambulisho."

Hellena akatoa, akafurahi, akaandika kwenye kishikwambi chake kwamba ulinzi ni mzuri. Zenon akamgeukia Victor, mkono bado umenyooshwa. Victor akatoa cha kwake huku anacheka. "Unaona? Hapa hata mimi siponi." Hakujua kwamba amesema kweli tupu. Nyuma yao, saa moja ilipotimia, kufuli likalia ka!

Asubuhi ilienda vizuri. Hellena aliona kofia, akauliza za nini, akajibiwa ni za usalama. Aliona chumba cha mapumziko, akamuuliza Bibi Rhoda anafanya kazi gani pale. "Kukaa," bibi akajibu. "Tangu lini?" "Tangu mume wangu alipolinunua." Victor akacheka peke yake, akanywa chai, akaenda chooni, akarudi, akanywa nyingine, akaenda tena. Zenon akachora mistari miwili kwenye karatasi yake.

Saa saba mchana Victor alimwalika mgeni nyumbani kwake, ambako samaki wa Ziwa Rukwa walikuwa wanasubiri kwenye sinia. Wakafika getini.

"Magunia ishirini na mbili," Zenon akasema. "Bado kumi na nane."

Hellena akacheka, akidhani ndivyo watu wa Ufipa wanavyotania wageni. Kisha akaona hakuna mwingine aliyecheka.

"Zenon," Victor akasema kwa sauti ya chini, "fungua geti."

"Kwa maandishi, bosi."

"Niandike nini sasa?"

"Uandike kwamba geti, ambalo hufungwa saa moja mpaka magunia yatimie, leo lifunguliwe kabla. Halafu uweke sababu na sahihi."

Victor alikuwa ameshatoa kalamu. Ikabaki hewani. Hellena amesimama pembeni yake, anasoma kila neno la ukutani kwa utulivu, mpaka chini. Akiandika, amekiri kwa sahihi yake kwamba watu wanafungiwa. Asipoandika, samaki wanapoa. Akairudisha kalamu mfukoni na kutangaza kwamba, kwa kweli, hana njaa.

Habari ilifika kwenye nyungo kabla Victor hajarudi ndani. Mama Bertilla akajirekebisha kofia. "Jamani, taratibu," akasema. "Maharage ya ng'ambo yanataka utulivu." Ghala zima likaanza kuchambua punje moja moja. Walizigeuza kwenye mwanga, wakapeana wazione, wakaulizana maoni. Nusu saa ikapita na gunia halijaongezeka hata moja. Victor akavua koti, akakaa sakafuni, akavuta ungo.

"Bosi, hilo lina tobo," Mama Bertilla akamwambia.

Akalitoa.

"Na hilo. Hilo pia. Hilo ni jiwe, bosi."

Punde Victor akainuka, amebana magoti, akakimbia mpaka kibandani. "Ufunguo wa choo."

Zenon akamwonyesha karatasi. "Umeshaenda mara mbili."

"Zenon, nakuomba."

"Mara ya tatu haimo, bosi. Si mimi, ni wewe," akasema, akaelekeza ukutani.

Hellena alikuwa amevuta kiti mbele ya kibanda, akimuuliza Zenon maswali, na Zenon alikuwa na furaha kubwa. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kumuuliza kazi yake inafanywaje. Alimfungulia kopo akamhesabia vitambulisho ishirini na saba na kadi moja ya kliniki. Alimwonyesha daftari, tarehe kwa tarehe, saa ya kufunga na saa ya kufungua.

"Na umewahi kumruhusu mtu kutoka kabla?"

"Mmoja tu, mwaka juzi, na nilikosea." Zenon akajinyoosha. "Tangu hapo hakuna. Hata mke wangu!"

Ndani, Valeria aliweka ungo chini. Alivua kofia ngumu, akajipangusa, akaja mpaka kibandani.

"Dada, hilo la mke wake liandike vizuri," akamwambia Hellena. "Jumapili ya Ekaristi mtoto wetu alipokea komunyo. Mimi nilikuwa pale, kwenye lile gunia. Kengele zilikuwa zinasikika mpaka hapa." Kisha akamgeukia mumewe. "Bwana Geti, nikuulize. Kwenye mtungi wa baba yako ulimzuia asiyelima asinywe. Ni nani uliyemzuia asiende kwao?"

Zenon akawaza kwa bidii, maana swali lilikuwa la haki. Aliliona lile shamba. Kuna mama aliyeweka jembe chini akaenda kunyonyesha. Kuna aliyechoka tuta la tatu akaondoka zake anapiga mluzi, pombe akaikosa, basi, ikaishia hapo. Kwenye ukingo wa shamba hapakuwa na mtu mwenye ufunguo.

"Hakuna," akasema.

"Na siku ile ya kengele, wewe ulikuwa upande gani wa geti?"

Zenon akageuka akakitazama kibanda chake. Kibanda kiko ndani. Siku ile alikaa humo na ufunguo mfukoni, akasikiliza kengele za komunyo ya mwanawe wa pekee, akahesabu magunia. Hakuna aliyemzuia kutoka. Alijizuia mwenyewe, kwa niaba ya mtu aliyekuwa benchi la mbele. Zenon aliona aibu. Ilimpanda kuanzia miguuni, ikamfika masikioni, na akatamani mzee Kasimiri angekuwepo amchape na ile kata.

Wakati huo huo Victor alitokea anatembea kwa hatua fupi sana, ana karatasi. Tumbo lilikuwa limemshinda akili. Alikuwa ameandika: Namruhusu Victor na mgeni wake watoke kabla ya magunia kutimia. Sababu, chakula na dharura nyingine. Na sahihi.

Zenon akaisoma mara mbili. "Hii imetaja wawili, bosi."

"Ndiyo, wawili! Fungua!"

"Na ukutani imeandikwa hakuna upendeleo."

Hapo akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kushangaa. Alichomoa ufunguo, akafungua kufuli, akasukuma mbawa zote mbili za geti mpaka zikagonga ukuta. Hakuwa na maandishi ya mtu yeyote. Victor alikuwa wa kwanza kutoka, akielekea choo cha jirani bila kuaga. Zenon akachukua kopo, akaanza kuita majina, na kila mwanamke akaja akachukua kitambulisho chake kwa mikono miwili. Mama Bertilla alikibusu. Valeria alichukua chake, akakitia kifuani, akapita akaelekea nyumbani. Bibi Rhoda alirudishiwa kadi yake lakini akasema yeye bado yupo yupo kwanza.

Yaliyofuata yalichukua wiki kadhaa. Hellena aliiomba ile karatasi ya Victor, na kwa kuwa alishamjua Zenon, aliiomba kwa maandishi. Wanunuzi wakasema hawatagusa hata punje mpaka kufuli liondoke, vitambulisho vikae na wenyewe, na Jumapili iwe Jumapili. Victor akaandika kanuni mpya, kwa kalamu ya bluu, Mama Bertilla akizisoma kwa sauti na kumrudisha afute. Zenon aliachwa kazini kwa sababu wanawake wenyewe walimtaka. Siku hizi ikifika saa kumi jioni anawatoa watu wote, hata wanaotaka kubaki wapige soga, na zaidi ya mara moja amemtoa Victor akiwa katikati ya simu.

Lakini siku ile ile ya ukaguzi, jua likiwa bado liko juu, Zenon alirudi nyumbani akakuta kamba mlangoni, kigoda mahali pake, na Valeria na daftari.

"Jina?"

"Zenon Kasimiri."

"Kitambulisho."

Safari hii alikuwa nacho. Valeria akakigeuza mbele na nyuma, akalinganisha picha na uso. "Hapa ulikuwa na nywele," akasema.

"Nilikuwa nazo."

"Sababu ya kufika?"

Hakusema kula. "Nimekuja kumwomba Getruda msamaha. Na wewe. Nilisikia kengele nikakaa."

Valeria akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko maneno yenyewe, ameinamisha uso. Dirishani Getruda alichungulia. "Baba, nivae lile gauni ulione?" Zenon akaitikia kwa kichwa.

Kamba ikafunguliwa. "Ingia, Baba Getruda," Valeria akasema.

Alipoinama kupita akaliona daftari, kwa kuwa mtu hasahau kazi yake hata akiwa analia. Saa ya kuingia ilikuwa imejazwa. Kwenye saa ya kutoka, ambako kwa wiki tatu palikuwa na kistari tu, Valeria alikuwa ameandika: akitaka mwenyewe.